Nani Amesema Mtumba Hauingii Madhabahuni?

Neno hili nimelisikia likitamkwa ndani ya kikao cha kanisa, na aliyelitamka hakuwa anatania: mtumba hauingii madhabahuni. Yaliyokuwa mezani ni mavazi ya watoto wa Kipaimara. Hoja ilitolewa kwamba kila msichana avae gauni jipya, la kitambaa kimoja, kutoka duka moja la Tunduma mjini, na kila mvulana avae suti mpya nyeusi. Nilikuwa mchungaji msaidizi wakati huo. Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Katibu akaandika, na kikao kikahamia kwenye bati za nyumba ya mwinjilisti. Jambo zima halikuchukua dakika kumi. Naomba wasomaji wa kitabu hiki wanipe muda mrefu kidogo kuliko huo, kwa sababu naamini kwamba siku ile, pamoja na kitambaa, lilipitishwa fundisho, na fundisho hilo ni la uongo.

Matokeo yake yalionekana Jumapili ya Kipaimara. Watoto watatu waliosoma mafundisho miaka miwili hawakuwepo. Mmoja wao, binti wa mjane anayelima mahindi na maharage kwenye shamba la kukodi, alikuwa anaijua Katekisimo Ndogo kuliko baadhi ya wazee wa baraza, na nasema hivyo bila kumvunjia mzee yeyote heshima. Mama yake hakuwa amekaa bure. Alinunua mnadani shuka nyeupe ya mtumba, ya kitanda cha sita kwa sita, akaishona gauni usiku kwa cherehani ya kukanyaga ya jirani. Alipolipeleka likaguliwe, akina mama wa kamati walilishika, wakausifu mshono, kisha wakamwuliza kitambaa kimetoka wapi. Hakudanganya. Angedanganya, binti angebarikiwa.

Tulia kidogo hapo, ndugu msharika. Kamati ya kanisa iliweka utaratibu ambao mwongo angepita na msema kweli akazuiwa mlangoni.

Gauni lile nimeliona na kulishika. Watu wengi wanafikiri kushona kitu kipya kutoka kwenye nguo kuukuu ni kupachika viraka, na ndiyo maana wanadharau. Wakae na fundi saa moja tu. Shuka ikilaliwa miaka mingi huchakaa katikati, pale mwili unapokaa. Ukiinyanyua juani unaona nyuzi zimepungua. Lakini pande zake, zile zinazochomekwa chini ya godoro, hubaki imara kama zilivyotoka kiwandani. Mama yule aliikata shuka kwa kufuata hekima hiyo. Za pembeni alizitumia kwa kifua, mikono na sketi. Ya katikati, iliyo laini, akaifanya bitana, kwa kuwa bitana haivutwi na wala haionekani. Shuka ilikuwa na pindo pana lenye mapambo upande wa kichwani. Pindo hilo akaliteremsha likawa mwisho wa gauni, kwa hiyo hakununua lesi. Zipu na vifungo alivitoa kwenye nguo nyingine zilizokwisha kuchoka. Akafua, akaanika juani, akapiga pasi ya mkaa. Anayeitazama kazi hiyo akaona aibu, mimi sijui anatazama nini.

Wanaoutetea uamuzi ule husema Mungu apewe kilicho bora, na huenda mbio kwa Malaki sura ya kwanza, ambako nabii anawakemea makuhani kwa kupokea wanyama vipofu na vilema. Nawaomba waisome mpaka mwisho. Mtu anayekemewa ni yule mwenye dume zima kundini, aliyeweka nadhiri, kisha akaleta lenye kasoro akidhani Mungu haoni. Hasira ya Malaki inamwangukia mwenye nacho anayefanya ujanja. Kwa asiye nacho Torati ina mlango wake: Walawi 12 inaagiza kwamba mama asiyeweza kupata mwana-kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na Luka 2 inatuonyesha ni nani aliyepita katika mlango huo. Mariamu, mama wa Bwana wetu, aliingia hekaluni na sadaka ya maskini. Hatusomi kwamba kuhani alimrudisha Nazareti akatafute kondoo. Kama Baraza letu lingekuwa zamu siku ile, sijui Simeoni angempakata nani.

Wengine huleta mfano wa vazi la arusi katika Mathayo 22. Yule mtu alitolewa nje, wanasema, kwa sababu ya nguo. Ni kweli. Lakini walioingia wote walikuwa wameokotwa njia panda, wema kwa wabaya, muda mfupi kabla ya karamu. Hakuna aliyepewa nafasi ya kwenda dukani. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo, na hilo ndilo vazi ambalo kanisa lina haki ya kulikagua mlangoni. Siku ya Kipaimara mtoto anasimama mbele ya usharika kuikiri imani aliyobatiziwa. Vazi lake alilivaa akiwa mchanga, kwenye kisima cha ubatizo, bure. Sisi tukaja miaka kumi na minne baadaye kumwambia bado moja, la dukani.

Upinzani wa pili unatoka viwanjani, kwenye vipaza sauti vya mikutano, na siku hizi unaingia hata kwenye vikundi vyetu vya maombi. Unasema nguo za mitumba zina mapepo. Zamani nguo hizi ziliitwa kafa Ulaya, yaani mwenyewe amekufa huko ndipo nguo ikatufikia. Jina lilikuwa la mzaha, lakini wapo waliolichukua wakalijengea theolojia nzima: marehemu ameacha roho yake kwenye koti, ukilivaa unavaa talaka yake, ulevi wake na ugonjwa wake. Dawa, bila shaka, anayo mhubiri. Ni mafuta, na mafuta yana bei.

Kwanza habari yenyewe ni ya kubuni. Nguo hizi kwa sehemu kubwa hutolewa na watu walio hai, waliochoka nazo au walionunua nyingine. Hukusanywa na mashirika ya hisani na makampuni, huuzwa kwa wachambuaji, hupangwa kwa aina na ubora, hufungwa kwa mashine kuwa mabelo ya kilo 45 au zaidi, zikapakiwa kwenye makontena. Ni biashara ya uzito kama mahindi. Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, pale Nakonde, huziita salaula, neno la Kibemba linalomwonyesha mtu akipekuapekua rundo na kuchagua. Wanyarwanda wanaziita chagua, na neno hilo wamelitwaa kwenye Kiswahili chetu. Mataifa mawili yalizipa jina la kazi anayoifanya mnunuzi. Sisi tukazipa jina la maiti, kisha tukaanza kuogopa jina tulilotunga wenyewe.

Lakini tuseme wana haki. Tuseme kweli nguo fulani iliwahi kuwa ya mganga, au ilivaliwa kwenye ibada ya sanamu. Je, Biblia imeliacha jambo hilo bila jibu? Nyama iliyouzwa katika soko la Korintho mara nyingi ilikuwa imepita hekaluni kwa miungu. Paulo hakulifumbia macho; katika sura ya 10 ya waraka wa kwanza anasema wazi kwamba wanaotoa sadaka hizo wanawatolea mashetani, na anakataza Mkristo kwenda kuketi kwenye meza hiyo. Kisha, mistari michache mbele, anawaambia kila kinachouzwa sokoni wale bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri, kwa kuwa dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Ibada ya sanamu ni jambo moja, na nyama iliyofika buchani ni jambo jingine. Ikiwa nyama iliyochinjwa mbele ya sanamu ilipoteza nguvu zake ilipofika buchani, sweta la bibi wa Ujerumani litapata wapi nguvu za kumshinda aliyebatizwa kwa jina la Utatu Mtakatifu?

Paulo huyo huyo anatutaka tusimkwaze mwenye dhamiri dhaifu, na mimi namtii. Mama mmoja mzee aliniletea koti akitetemeka, ameambiwa lina kitu. Sikumcheka na sikulikemea koti. Tuliketi, tukamshukuru Mungu kwa koti, kwa kuwa ilikuwa Julai na baridi ya Mbozi mnaijua, akaondoka amelivaa. Ugomvi wangu si na huyo mama. Ni na aliyemtisha.

Usafi ni habari nyingine, na hapo sina mzaha. Nguo ya mtumba ifuliwe kabla haijakatwa: maji ya moto, sabuni, jua la kutosha, na pasi juu ya kila mshono. Chawa na fangasi ndio mapepo ninayoyafahamu katika mitumba, na hayo hutoka bila kufunga na kuomba. Nguo za ndani za mtumba Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku kuuzwa, na lina haki. Anayezinunua kwa kificho asiseme mchungaji ameruhusu.

Sasa wapo ndugu zangu wasomi watakaonishika upande wa uchumi. Watasema mitumba imeua viwanda vyetu, na mchungaji anayeisifu anashangilia msiba. Nawaheshimu kwa hoja hii kuliko zile mbili za kwanza. Kiwanda cha Urafiki pale Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na nchi ilikuwa na viwanda vingine vya nguo mikoani. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 mitumba iliingia kwa wingi, wakati viwanda hivyo vilikuwa vimekwisha kudhoofika kwa mitambo mibovu, umeme na ukosefu wa fedha za kigeni. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikaonywa kwamba zinaweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafasi hiyo.

Nayasikitikia hayo kama Mtanzania. Wenye mamlaka na waendelee kupigania pamba yetu ifumwe hapa badala ya kusafirishwa ikiwa ghafi. Ila naomba mtu anieleze kwa nini deni la mataifa na marais lilipwe na binti wa miaka kumi na mitano mlangoni mwa kanisa la kijijini. Tena kitambaa kile kipya kilichopitishwa na kamati hakikutoka Urafiki. Ukingoni kilikuwa na maandishi ya nchi ambayo hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kuifika. Fedha ya kitambaa kile ilivuka bahari yote. Fedha ya gauni la shuka, sehemu ndogo ilienda kwa mwenye belo, na thamani iliyobaki ilitengenezwa na mikono iliyo hapa Songwe, kwa mkasi, futi na uzi. Nguo ikifumuliwa na kukatwa upya, kazi ya mwisho na iliyo ngumu zaidi inafanyika nyumbani kwetu. Hiyo nayo ni kiwanda, ingawa kina mtu mmoja na taa ya sola.

Wala tusijifanye kwamba jambo hili ni geni kwa heshima yetu. Kanga, ambayo hakuna mama wa usharika asiyekuwa nayo, na ambayo tunamfunika nayo mtoto na kumlilia nayo marehemu, masimulizi ya pwani yanasema ilianzaje? Katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na mwambao walinunua leso za mkononi zilizoletwa na wageni, zikiwa hazijakatwa moja moja, wakazikata tatu tatu, wakaziunganisha kwa sindano mpaka likapatikana vazi zima. Mpaka leo wengine huiita leso. Wafanyabiashara walipoona vazi hilo linapendwa ndipo wakaanza kulichapisha likiwa zima. Vazi tunaloliona la heshima kupita yote lilizaliwa kwa mwanamke kukaa nyumbani, akakata kilichotoka nje na kukigeuza kiwe chake.

Na sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuona haya. Lutheran World Relief, shirika la Walutheri wa Marekani lililoanzishwa mwaka 1945, kwa miaka mingi limekuwa likituma blanketi za vipande katika nchi zenye shida, na Tanzania imo. Blanketi hizo hushonwa na akina mama wa sharika za kule, wanaokutana katika vyumba vya makanisa yao wakiwa na shuka kuukuu, mapazia yaliyoshushwa, mabaki ya vitambaa vya magauni. Wanakata miraba, wanaunganisha, wanatia pamba katikati, wanafunga kwa nyuzi. Kisha huzitandaza juu ya viti vya kanisa na kuziombea baraka kabla hazijasafiri. Zikifika huku tunapiga picha na kuandika barua ya shukrani. Hakuna hata mzee mmoja aliyewahi kusimama na kusema kiraka hakiingii kanisani. Basi naomba nijibiwe: kitambaa kuukuu kilichoshonwa na mama wa Minnesota ni karama, na kilichoshonwa na mama wa Momba ni aibu? Tofauti ni nini, kama si rangi ya mkono ulioshika sindano?

Neno hilo ni kali. Nimelipima kabla ya kuliandika, nikaliacha.

Kuna andiko ambalo watu hulirusha kila mara likitajwa suala la viraka: Marko 2:21, ambako Bwana anasema hakuna ashonaye kiraka cha nguo mpya kwenye vazi kuukuu. Nashangaa wanavyolichukua kana kwamba Yesu anakataza kiraka. Mfano wake unahusu mambo mapya aliyoyaleta. Lakini tazama jinsi anavyoujua ushonaji. Kitambaa ambacho hakijafuliwa kitasinyaa kikiingia majini, kitavuta, na tundu litakuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Kijana huyu wa Nazareti aliwahi kumwona mtu nyumbani akitia kiraka vizuri, na pengine akamwona mwingine akikitia vibaya. Fundi yeyote wa Tunduma atakuambia jambo hilohilo: uzuri wa kitambaa cha mtumba ni kwamba kimekwisha kusinyaa na rangi iliyotaka kutoka imekwisha kutoka. Ukikipima leo, kesho hakikugeuki.

Tena nguo za Bwana mwenyewe ziliishia wapi? Yohana anasema askari waligawana mavazi yake mafungu manne, na ile kanzu isiyo na mshono wakaipigia kura wasiipasue. Maana yake kuna askari aliyeondoka Golgotha na nguo ya mtu mwingine, akaivaa au akaiuza. Kabla jua halijazama, mavazi ya Mwokozi yalikuwa mtumba.

Andiko ninalolipenda zaidi katika habari hii, hata hivyo, ni Yeremia 38, na sijasikia likihubiriwa mara nyingi. Nabii ametupwa katika shimo la matope aanguke na kufa. Anayemwokoa ni Ebedmeleki Mkushi, Mwafrika anayetumika katika nyumba ya mfalme. Anapata ruhusa, anachukua watu, na kabla ya kwenda shimoni anapita chini ya ghala na kuokota matambara na nguo zilizochakaa. Anayateremsha kwa kamba, anamwambia Yeremia ayaweke makwapani chini ya kamba ili zisimchune. Nguvu za kumvuta zilikuwa za kamba. Lakini mtu aliyefikiri juu ya ngozi ya nabii alikuwa Mkushi, na alichokitumia ni vitu ambavyo ghala la mfalme lilikuwa limevitupa. Ningependa Idara zetu za Wanawake zilisome andiko hili siku ya kuzindua cherehani.

Narudi kwenye mambo ya kawaida, kwa sababu kuna kosa jingine ambalo sharika zenye nia njema hulifanya. Zikikubali nguo za kushona upya, zinamwita fundi, mara nyingi mama mwenye watoto wake, na kumwambia atoe kazi hiyo kama sadaka. Apunguze suti kumi na mbili, ashone magauni ishirini, bure, kwa sababu ni kazi ya Mungu. Yule mwenye duka hakuombwa sadaka. Alilipwa fedha taslimu kabla hajakata mita. Luther katika Katekisimo Ndogo, akieleza kifungu cha kwanza cha Imani, anahesabu mavazi na viatu kati ya mambo ambayo Mungu Baba anatupa kila siku, na akifika kwenye ombi la mkate wa kila siku anavitaja tena. Mungu huvitoa kwa kupitia mikono ya watu, na mikono hiyo hula. Alipwe.

Na kazi yenyewe isichukuliwe kwa wepesi. Suti ya mtumba ya mwanamume wa Ulaya haipungui yote kwa mvulana wa miaka kumi na minne. Upana wa mwili unaletwa ndani kwa mishono ya pembeni na ya mgongoni, mikono inafupishwa, lakini bega lina vitu vingi ndani yake na likiguswa ovyo koti zima linapinda. Kwa hiyo chagua koti ambalo mabega yanakaribia kumtosha, hayo mengine yatatengenezeka. Suruali inafumuliwa mshono wa nyuma kuanzia kiunoni, na kile kinachokatwa miguuni usikitupe, ndicho mfuko wa kesho. Sweta la sufi linaweza kufumuliwa likawa mabunda ya uzi na kufumwa upya liwe sweta la shule, ila kagua kwanza mshono wa ubavuni: kama vipande vilifumwa kwa umbo lake, uzi utatoka mrefu, kama vilikatwa kwa mkasi ndipo vikashonwa, utapata vipande vifupi visivyofaa kitu na utakuwa umepoteza fedha yako. Mashati ya fulana yaliyochoka yanatosha kwa nepi, na kitambaa laini cha pamba kinatosha kwa taulo za kike zinazofulika, ambazo huwawezesha wasichana wetu kukaa darasani wiki zote nne za mwezi. Hilo la mwisho nalitaja makusudi ndani ya kitabu cha kanisa.

Kuhusu sare za kwaya na vitenge vya kila sikukuu, sitasema mengi. Mjadala huo ni mrefu na una wenyewe. Nasema tu kwamba Yakobo, sura ya pili, alipoandika juu ya mwenye pete ya dhahabu kuketishwa pazuri na mwenye mavazi mabovu kuambiwa asimame kule, alikuwa anaandikia sinagogi la Wakristo, watu waliokiri jina la Yesu. Usharika ambao mwimbaji anaacha kuja mwezi mzima kwa sababu hajamaliza kulipia kitenge cha Mavuno haujafika mbali na hao.

Kwa sharika zitakazotaka kuanza, huu ndio utaratibu ninaoupendekeza. Baraza liandike rangi tu, nyeupe kwa wasichana na nyeusi au ya bluu kwa wavulana, na lisiandike kitambaa, duka, wala neno jipya. Watoto wapimwe mapema, mwezi wa sita, wakati mahindi na kahawa vinaanza kuingiza fedha na bado kuna muda wa kumngojea fundi. Shuka na mapazia meupe yakusanywe sehemu moja, yafuliwe pamoja, yaanikwe, ndipo yagawiwe kwa kipimo, bila kuandika popote ni mtoto gani amepata cha kununua na nani amepata cha kugawiwa. Fundi apatane na usharika bei ya kila vazi, nusu alipwe siku ya kukata. Cherehani za Idara ya Wanawake zilizofunikwa vitambaa stoo zitolewe, zitiwe mafuta, mikanda iliyokatika ibadilishwe. Wavulana nao wafundishwe kushona kifungo na kupinda pindo katika Jumamosi mbili za mafundisho. Mwalimu wa Kipaimara akikosa wa kuwafundisha, ofisi ya mchungaji imtafutie.